Ninaumwa kwa Dani Tu

Sindo,
Jumamosi, Wasabato wakiwa bado kanisani

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, hata barua huisoma umesimama, mwiko mkononi. Hii tafadhali ikalie. Ile miwani yako ulishaitengeneza mkono uliovunjika, au bado umeufunga kwa uzi? Na mguu wa Baba unaendeleaje? Kabichi je, zimepona baridi ya mwaka huu? Siku hizi naota Wundanyi. Naota ule ukungu wa asubuhi unaingia mpaka jikoni, na wewe unaufukuza kwa kanga kana kwamba ni kuku.

Sisi tu wazima. Akoth amelala hapa kwenye mkeka karibu na miguu yangu na anapumua vizuri. Nimeliweka hilo mbele ili usisome kwa kurukaruka ukitafuta habari mbaya. Habari mbaya ipo, lakini ilishapita. Iliyobaki ni aibu yangu.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia. Nikiongea nawe Akoth huacha kucheza, akanyamaza pale alipo, akasikiliza kila neno. Mambo haya nisingeweza kuyasema akisikiliza. Na pia, Mama, kwenye simu wewe hunishinda. Nikianza tu unasema, "Usiseme hivyo," nami sisemi. Leo nitasema mpaka mwisho. Usimpe mdogo wangu Wakio akusomee, isome mwenyewe.

Uliniomba nimlete Akoth akae kwako, hata kama ni mwaka mmoja, yeye apate kukomaa na mimi nipate kupumua. Nilikujibu nitafikiria. Nimefikiria. Sitamleta. Ningependa ujue kwa nini, kwa sababu kuna wakati nilitaka sana kumleta, na sababu yangu haikuwa nzuri.

Tangu tulipoambiwa ni seli mundu, ile damu inayojikunja ikakwama kwenye mishipa, nimekuwa mtu wa kuuliza. Asubuhi, unaumwa? Akishuka kitandani, unaumwa? Akinyamaza, mbona umenyamaza? Kazi yangu unaijua. Mashua zikiingia asubuhi tunanunua omena, hawa dagaa wa ziwani, kwa ndoo, tunaitandaza juu ya neti kuukuu pale kwenye changarawe, na jua likipanda tunaigeuza. Mkono wangu ulikuwa kwenye samaki na shingo imegeukia nyumbani. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Mama Akoth, wewe unageuza omena kama mtu ametafuta sindano akakosa." Nilikuwa naigeuza kabla haijakauka, inakatika vichwa, na wanunuzi wa kutoka Rangwe hawataki omena isiyo na kichwa. Wanasema inaonekana kama imeshaliwa.

Na si mimi tu niliyekuwa nikiuliza. Kwa watu wa huku, mgonjwa huketiwa. (Nikiandika Mama humu ni wewe. Mama yake mume wangu Ouma nitamwita Dani, yaani bibi, kama Akoth anavyomwita.) Akiugua mtu, wageni wanaingia mmoja mmoja, wanakaa, wananyamaza kidogo, kisha wanauliza ilianzaje. Na hilo halijibiwi kwa neno moja. Linasimuliwa tangu mwanzo: alikuwa amekula nini, alilala upande gani, alisema nini alipoamka. Akija mgeni mwingine, hadithi inaanza upya. Wewe ungechoka siku ya kwanza.

Akoth alijifunza kusimulia akiwa mdogo sana. Akikosea, Dani humrekebisha: "La, ilianza na mkono. Mguu ilikuja baada ya uji." Tuna jirani mmoja muuza mandazi, mama mnene mcheshi. Huyo alikuwa akisikiliza mpaka katikati, halafu anasema, "Hata mimi hii goti yangu, wacheni tu," na hapo mgonjwa anakuwa yeye. Akoth alikuwa akimwonea wivu kabisa.

Siku moja nikamwona Akoth anawaendea wageni akichechemea. Nikamwambia, "Asubuhi ulisema ni mguu wa kulia." Akasimama, akafikiri, akabadilisha mguu. Dani alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Mimi sikucheka. Nilikupigia simu.

Unakumbuka ulichoniambia. Ulisema maumivu ni mgeni, ukimwekea kiti hatoki. Ukasema nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuulizwa anaumwa wapi, na mlikua. Ukasema mtoto huumwa zaidi kwa kutazamwa. Nilikuamini, Mama. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa, na wewe ulikuwa umenipa ruhusa ya kupumzika.

Basi nikaweka sheria. Nilimkalisha Akoth kwenye ndoo, nikamwambia, "Kuanzia leo hatusemi inauma. Tukiitaja inasikia, inakuja."

"Hata kama inauma?"

"Hata kama. Wewe nenda ucheze. Itakungoja, itachoka, itaenda zake."

Akafikiri. "Na nikishindwa kucheza?"

"Hutashindwa."

Kisha nikamwendea Dani. Nilimwomba awaambie wageni wasimuulize tena mtoto. Alikuwa ananywa chai.

"Umefunga mlango, Nyar Taita?" Ndivyo wanavyoniita, binti wa Taita, mpaka nizeeke.

"Mlango uko wazi. Waje tu. Ila wasimuulize."

"Sasa mtu atakuja kumwona mgonjwa amtazame kama ukuta?"

"Akiulizwa anaumwa zaidi. Ulimwona siku ile na mguu wake."

"Niliona." Akaweka kikombe chini, chai ikiwa nusu. "Ni mtoto wako."

Jambo la tatu nililofanya sikukuambia. Sista wa kliniki kule Homa Bay alikuwa amenifundisha kumshika Akoth tumbo kila asubuhi, upande wa kushoto chini ya mbavu, nikitafuta bandama. Kwa watoto wa namna hii bandama huweza kujaa damu ghafla, na mtoto akaishiwa huku unamwangalia. Sista alisema ukiona imeshuka kupita vidole viwili, usingoje vitatu, mlete. Nilikuwa namshika kila siku kabla sijaenda ufuoni. Lakini kumshika kulikuwa ni kumuuliza. Kila nikiweka mkono, alikuwa akitazama uso wangu aone mkono umesikia nini. Kwa hiyo nikaacha. Nilijiambia kama hatutaji basi hatutaji hata kwa vidole. Hilo si wewe uliyeniambia. Hilo ni langu.

Na kweli nyumba ikatulia. Akoth hakulia tena. Mchana alikuwa kwa Dani, ambaye nyumba yake iko hapo hapo ndani ya boma, jioni anarudi, anakula, analala. Nikimtazama, anatabasamu. Nilinenepa, Mama. Nilianza kuimba nikigeuza omena, na omena ikakauka na vichwa vyake. Hata Ouma, ambaye kutwa nzima anaziba mashua za watu na hasemi mengi, alisema, "Siku hizi nyumba imepoa." Nilikupigia ukafurahi, ukasema, "Si nilikwambia." Nikajiona nimepata akili ambayo watu wa huku hawana. Kuna mama mmoja tunayekutana naye kliniki, mtoto wake ana ugonjwa huu huu. Nilimwambia, "Usimdekeze, usimuulize, utaona." Sijui aliyafanyia nini maneno yangu. Sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, nzuri kwa kazi. Nilikuwa nimeinama kwenye neti. Dani haji ufuoni. Miguu yake huvimba, na husema samaki zake za maisha alishazimaliza. Nilipomwona anashuka kwenye changarawe bila viatu, Akoth mgongoni, nilisimama, omena bado mkononi.

"Wacha hiyo samaki," akasema.

"Ana nini?"

"Shika mwenyewe."

Nikamshika. Mama, ile bandama ilikuwa imeshuka karibu na kitovu, ngumu kama kiazi. Midomo ya Akoth ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyeramba majivu, na alikuwa akipumua kwa haraka, kama kifaranga. Akafungua macho, akaniona. Akasema, "Mimi sijasema. Ni Dani amesema."

Hayo ndiyo maneno aliyonipa. Alidhani nimekasirika kwamba sheria imevunjwa.

Ouma alisimamisha gari la wanunuzi wa samaki, tukakaa mbele, barafu ikigongana nyuma njia yote hadi Homa Bay. Dani alibaki amesimama barabarani bila viatu. Hospitalini walimwekea damu. Nilikaa nikitazama tone kwa tone. Rangi ilimrudia kuanzia masikioni. Sikuwahi kujua masikio yana rangi.

Kesho yake akaja sista yule yule wa kliniki. Hakuwa mkali. Alimshika Akoth tumbo, akanyoosha shuka, akauliza, "Nyumbani nani humshika asubuhi?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno Akoth akajibu.

"Mama. Kila siku. Mikono yake ni baridi asubuhi."

"Na juzi alikushika?"

"Eeh. Ilikuwa sawa."

Sista akanitazama. "Vizuri, Mama Akoth. Uendelee hivyo hivyo."

Nikasema, "Asante."

Mama, nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara tatu nikifuta. Mtoto ana sindano mkononi, hata kukaa hawezi, ananidanganyia ili nisiaibike mbele ya watu, nami nasema asante. Kliniki iliyofuata nilimwambia sista ukweli, nikiwa nimetazama viatu vyake. Akasema, "Nilijua. Mtoto aliyezoea kushikwa huinua fulana mwenyewe kabla sijamwambia." Hakuniongezea neno. Afadhali angenigombeza.

Pale wodini, alipopata nguvu ya kuomba soda, nilimuuliza kwa upole, "Akoth, kumbe ulikuwa unaumwa siku zote hizi?"

"Nilikuwa naumwa kwa Dani."

"Kwa Dani?"

"Ninaumwa kwa Dani tu. Kwetu siumwi."

"Kwa nini kwetu huumwi?"

"Kwa sababu wewe unakuwa hivi." Akakunja uso wake mdogo, akabana midomo, akatoa macho kidogo, akanionyesha. Ulikuwa uso wangu, Mama. Nilipoendelea kuutazama nikauona ni wako pia.

Tulipoachiliwa tukarudi nyumbani, nilikwenda kwa Dani. Nilibeba sukari kwa sababu sikujua nibebe nini. Nilimuuliza Akoth alikuwa akifanya nini kwake siku hizo zote. Akasema mtoto alikuwa akija asubuhi nikishaondoka, anapanda kitandani kwake, anamwambia, "Dani, nimekuja kuumwa." Analia kiasi chake. Dani anachemsha maji, anamkanda magoti kwa kitambaa cha moto. Wanakaa. Kisha Akoth mwenyewe anasema, "Imetosha," anatoka kwenda kucheza.

"Kila siku?"

"Siku zingine anakuja anasahau alichokuja kufanya. Anaona kuku, anaenda."

"Mbona hukuniambia, Mama Ouma?"

"Ulisema wasimuulize. Mimi sikumuuliza. Alisema mwenyewe."

"Na tumbo?"

"Nilikuwa nakuona unashika. Halafu nikaona umewacha. Nikashika mimi." Akachukua ile sukari, akaipima kwa mkono. "Kumbe kwenu mnaomba msamaha na nusu kilo?"

Nilicheka huku nalia. Yeye hakulia. Alipika chai, na safari hii aliimaliza.

Sasa nikwambie ninavyofikiri, na mimi si mtu wa shule nyingi. Usidhani naandika kukuambia ulikosea. Kuna ukweli katika ulichosema, niliuona kwa macho yangu. Mtoto akiulizwa na watu kumi, kwa yule wa kumi maumivu huwa yameota mguu mwingine. Na mimi kumuuliza kwangu kote kulikuwa kunamwongezea. Lakini nimeangalia ndani, nikaona nilikuwa nauliza ili nipumue mimi. Akisema "siumwi" nilishukuru. Akisema "naumwa" nilimchukia kidogo, Mama, kidogo tu, kwa dakika ile, kwa sababu ameniharibia siku. Mtoto huyajua hayo. Ndiyo maana nilipoacha kuuliza hakupona, alihama. Alichukua maumivu yake akayapeleka mahali ambapo hayamkasirishi mtu.

Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linalonishinda. Ningekuwa nilidanganyika tu, ningejisamehe. Lakini kuna siku, katika zile siku za kuimba, nilimwona anashuka kitandani polepole akishika ukuta, nikageuza uso kuelekea jiko. Niliona, nikachagua kutoona, na uji ulikuwa mtamu asubuhi hiyo.

Siku hizi tunafanya hivi. Asubuhi anainua fulana, namshika. Nikimaliza namwambia nilichosikia, hata kama ni kibaya, ili asitafute usoni. Kisha yeye akitaka husema, na akisema nakaa mpaka amalize. Simkatizi kwa pole. Akimaliza tunaangalia ni dawa, ni maji ya moto, au ni kukaa tu. Siku nyingine akisema inapungua, naona mabega yake yanashuka. Siku nyingine haipungui hata kidogo, anasema, ananyamaza, na inaendelea vile vile. Na zipo siku ambazo yeye alikuwa ameisahau, mimi ndiye niliyeiamsha kwa kuuliza, nikamwona inamrudia machoni. Siwezi kukupa kanuni. Kuna asubuhi mkono wangu wenyewe hautaki kwenda kwenye tumbo lile, nauburuta kama punda. Wageni nao wamerudi. Dani amewaambia wamuulize mara moja, wasikilize, watoke kwenye habari hiyo. Jirani wa mandazi bado anatuletea habari za goti lake, na Akoth sasa humuuliza, "Umekwisha kusimulia?"

Kwa hiyo sitamleta. Baridi ya huko ni sababu ya kwanza, daktari alisema baridi inaikunja damu yake. Lakini hata Wundanyi ingekuwa na jua kama Voi, nisingemleta. Kwako hataumwa, Mama. Ungenipigia ukaniambia, "Hajalia hata siku moja," na ingekuwa kweli. Angekuwa mtoto mzuri kwako kuliko alivyokuwa kwangu, kwa sababu anakupenda, na huko hakuna nyumba ya Dani ya kukimbilia. Nilipotaka kumleta, nilitaka aumwe mbali nisione. Nimeliandika sasa, nawe umelisoma.

Najua huwezi kuja wewe. Desturi ya huku, mama wa mke hawezi kulala kwa mkwe wake vivi hivi, na Ouma hajakamilisha mambo ya kukualika. Tutabaki na simu. Ninachokuomba ni hiki, na naomba kwa heshima yote ya mtoto kwa mzazi. Ukipiga, ongea naye. Akikuambia anaumwa, usimwambie yeye ni jasiri, usimwambie itapita, wala usimwulize shule. Nyamaza mpaka amalize. Ukishindwa, sema umeshindwa, unipe mimi. Hilo atalielewa. Ukimwambia "usiseme hivyo," nitachukua simu kutoka mkononi mwake, Mama. Nimekwisha kuamua, na nisingependa ije ikushtue.

Bado moja, nalo ni zito. Ugonjwa huu tulisema mimi nawe kwamba ni wa watu wa ziwa, Ouma ndiye aliyeuleta. Si kweli. Sista alinieleza kwamba mtoto haupati mpaka baba na mama wote wawili wawe wameubeba. Nimemsikia Ouma akijilaumu muda mrefu, nami nikanyamaza kwa kuwa ilinifaa. Nimeshamwambia. Akaniuliza kama nimekula.

Sista aliniuliza pia kama kwetu kuna mtoto aliyeondoka mdogo. Nilisema nitamuuliza mama yangu. Sikukuuliza. Lakini nilikuwa na miaka sita, namkumbuka ndugu yangu Mwadime. Namkumbuka na mikono iliyovimba, wewe unampepea ukimwambia nyamaza, nyamaza, kesho utapona. Baada ya mazishi tuliambiwa tusimtaje mbele yako. Sijamtaja mpaka leo, na hata sasa ninapoliandika jina lake naona kama naiba kitu chako. Kama ni huo ugonjwa, haukujulikana, na hakuna ambacho ungefanya zaidi ya kumpepea. Silaumu. Nilitaka tu ujue kwamba na mimi nilimwona.

Msalimie Baba, mwambie mjukuu wake ana kichwa kigumu kama chake na kitamfaa. Mdogo wangu Wakio mwambie ile sweta aliyoifuma inavaliwa kila asubuhi, mikono tu ndiyo mirefu, tunaikunja. Shangazi Mshai mpe mkono, na umwambie aache kuwaambia watu wa kanisa kwamba mimi nimekuwa mvuvi. Mjomba Mwanjala naye, kama amerudi kutoka Taveta.

Akoth ameamka nikiandika hapa. Ameuliza naandika kwa nani, nimemwambia kwa Nyanya. Amesema naye ana maneno. Nayaweka kama alivyoyatoa:

"Nyanya, leo naumwa goti, hii ya kushoto, lakini kidogo. Jana sikuumwa. Dani ana kuku imeatamia, ukiikaribia inadonoa. Nyanya, wewe unaumwa wapi?"

Nimemwambia Nyanya haumwi. Amenitazama kama mtu asiyeniamini, akasema, "Muulize tu."

Kwa hiyo nakuuliza.

Mimi mwanao,
Mghoi